Kidole Gumba

Husemwa kidole kimoja hakivunji chawa.
Waliosema hawakukijua hiki changu.
Kitazame: kifupi, ukucha umepasuliwa na koleo,
udongo wa Lincolnshire haukitoki hata kwa sabuni.
Hupandia maharage.
Hiki kilivunja mji.

Tulikuwa saba ndegeni. Rubani, Lachlan Garvie,
ndiye tuliyemwita mzee: miaka ishirini na miwili.
Mimi nililala kifudifudi puani mwa ndege,
kioo chini ya kidevu, kitufe mkononi
kikining'inia kwenye waya kama kengele ya mgonjwa.
"Kushoto kidogo. Kushoto. Shikilia hapo hapo."
Sikuwahi kutamka neno baya juu ya mji ule.

Kabla ya kuruka tulipewa yai.
Nchi nzima ilikuwa ikila unga wa mayai ya kopo,
sisi yai zima, la kukaanga, kiini kikitetemeka,
na Tibbs, mlinzi wa mkia, mtoto wa muuza samaki,
akaninyooshea uma hadi sahanini:
"Usiporudi, Ambrose, la kesho nalila mimi."
Tukacheka. Kucheka kulikuwa adabu ya pale mezani.

Altenwerth. Jina nililisikia jioni ile ile,
ofisa akilitafuna kwa shida,
akigonga ramani kwa fimbo: reli hapa, kiwanda hapa,
na huku (fimbo ikapita upesi) makazi.

Saa saba na dakika arobaini na moja usiku
nilibonyeza.
Ndege ikaruka juu kama punda aliyetuliwa mzigo,
na mimi, Mungu anisamehe, au asinisamehe,
nikahisi raha mgongoni.
Chini hapakuwa na watu. Palikuwa na mwanga,
mwekundu, halafu mweupe, ukipumua.
Ulikuwa mzuri.
Hilo sijamwambia mtu, hata mke wangu hadi namzika.

Sisi tuligeuka, tukaelekeza nyuso nyumbani.
Tibbs hakugeuka. Kiti chake kilitazama tulikotoka.
Nusu saa baadaye, sauti yake masikioni:
"Bado nauona."
Juu ya bahari, saa nzima imepita:
"Bado nauona."
"Nyamaza, Tibbs," alisema Garvie, kwa upole.

Safari iliyofuata alikataa kupanda.
Hakulia, hakupiga kelele. Alikaa juu ya tairi
akasema, "Mimi basi."
Wakamkata tepe mbele ya gwaride,
wakagonga muhuri kwenye faili lake, MWOGA,
kabla ya mchana kitanda chake kimekwisha kukunjwa.
Jikoni hawakuwa na habari. Wakapakua saba.
Yai lake nililila mimi.
Nililifuta na mkate.

Asubuhi ya Altenwerth tulikuwa tumeonyeshwa picha.
Nyumba hazina paa, kama sega lililokamuliwa.
Uani mwa mojawapo palikuwa na vitu vyeupe, vimepangana.
Niliuliza: ni nguo zimeanikwa?
"Chokaa," alisema ofisa, akaifunika picha.
Yawezekana. Chokaa ni nyeupe.

Mjukuu wangu Rosalind ana kazi ya shule.
"Babu, ulikwenda mara ngapi?" Thelathini.
Anaandika, ulimi nje. "Na uliua wangapi?"
Mama yake anamkemea toka jikoni.
Mwache. Ameuliza hesabu,
na mimi ndiye niliyeikimbia.

Leo ni Jumapili ya kuwakumbuka mashujaa.
Medali zimo ndani ya soksi, sitazivaa.
Kidole kimekakamaa, daktari ameshindwa nacho,
koti hakiwezi tena kulifunga.
Rosalind anapiga magoti, ananifunga,
anauliza kama kuna kifungo kingine.
Kipo, mwanangu. Kimoja,
ambacho hakimu hakukitajia miaka.
Hanielewi. Anatafuta chini ya meza.
Nje, mama yake anapiga honi.