Inchi Mbili Kifuani

Ulikuja saa ya jua kali, Wete imefunga milango,
ukasimama kizingitini kama mwenye deni,
kanzu ya Idi iliyopita umeikunja kwapani.
"Fundi Mbarouk, niongezee kifua."
Mabega?
"Mabega sawa."
Urefu?
"Uache."
Kifua tu. Inchi mbili.
Ukaitazama cherehani, mimi hukunitazama.

Miaka thelathini na moja napima watu, Shaame.
Najua mwili unaokua na mwili unaojificha.
Nilipoinua utepe ulirudi nyuma hatua moja,
na chini ya shati nikaona ukingo wa kitambaa:
kipande cha kanga ya Bi Mize, mama yako,
kimekazwa mpaka pumzi inapita kwa ruhusa.

Sikukuuliza.
Niliuweka utepe mezani, nikachukua kifungo cha mtu mwingine,
nikasema kana kwamba naongea na sindano:
mimi pia.

Nilikuwa na miaka kumi na minne.
Wenzangu wanapanda mikarafuu vifua wazi,
mimi nachuma nimevaa koti la mvua, kiangazi.
Chini ya chuchu palikuwa na kitu kigumu,
kama kifungo kilichoshonwa kwa ndani;
mpira ukinigonga hapo, naona nyota mchana.
Kiwanjani nikipangwa timu ya wasiovaa mashati
mguu wangu huanza kuuma.
Kila jioni. Mguu uleule.
Wakaniita Bi Harusi.
Mmoja wao sasa ana wajukuu,
na bado akipita hapa dukani hujisahau.

Bibi alinipaka mafuta ya karafuu:
ngozi ikababuka, kifungo kikabaki.
Kiliondoka chenyewe, baada ya mwaka na nusu,
bila kuaga, siku ambayo siijui.

Hapo ndipo ulipokaa.
Ukasema Seif anajua mtu Chake,
anauza vidonge vya kutunisha misuli.
Nikakwambia, hivyo hivyo vidonge
humpa mwanamume kifua unachokikimbia.
Ukacheka kidogo. Nikafurahi, nikajiona tabibu.

Kisha ukasema, polepole:
"Wangu ni wa kushoto tu.
Na unatoa maji. Yametia doa fulana."

Sindano ikasimama.

Hilo silijui, mwanangu.
Langu halikutoa maji.
Mimi nimeusoma mwili kwa nje, kwa utepe,
na hadithi yangu haikutoshi;
inabana kwapani.

Kesho yake ukaenda hospitali na mama yako,
na jioni ukaja kunisimulia, umesimama wima:
Daktari Mwadini aliifungua ile kanga bila kuguna,
akasema isifungwe tena.
Akauliza dawa unazokunywa, na za miti pia.
Akauliza hata kuhusu kende, kama kuna uvimbe,
"na hakucheka, fundi, wala hakushusha sauti."
Akasema wavulana wengi hupitia haya wakibalehe,
homoni zinagombea nafasi, kisha zinapatana,
miezi sita, mwaka, mara nyingine miwili.
Lakini likitoa maji au damu,
likiwa gumu kama jiwe, au likikua haraka,
likimtokea mtoto ambaye hajabalehe,
likipita miaka miwili halijapungua,
au kende zikiwa na uvimbe,
usingoje liondoke lenyewe.
Wakatoa damu. Majibu Jumatano.

Bi Mize amepita asubuhi kuulizia kanzu.
Hakusema kitu. Aliushika mkono wangu
akaweka juu ya meza embe mbili.

Nimekuongezea inchi zako, Shaame,
lakini kwa mshono wa mkono, uzi mmoja:
siku ukitaka, uvute, kanzu irudi ilivyokuwa.
Kwenye daftari, mbele ya jina lako,
pa kipimo cha kifua nimepaacha wazi.

Leo Jumanne.
Nimepiga pasi kola mara tatu.