Sentimita Themanini na Mbili

Bwana Lyatuu alitaka mlima ukutani.
Picha, kasema, toka sakafu hadi dari,
theluji nyeupe kuliko jino,
mgeni akiingia kutoka uwanja wa ndege
ajione ameshafika juu.
Na kaunta ya kioo. Na taa zining'inie kama barafu.
Nikaandika yote. Mimi ni msanifu wa ndani,
naandika kwanza, nabisha baadaye.

Nikapima chumba: mita sita na nusu kwa nne,
vumbi la barabara ya Rau mlangoni,
dirisha moja, la nyuma,
limezibwa na kabati la mafaili.
"Kabla sijachora," nikamwambia, "nipandishe."
Akacheka. Akaniazima buti za mkewe.

Msitu wa Machame sitausimulia, wenye picha wapo.
Nitasimulia mizani.
Mizani niliyoijua mimi ilikuwa ya shule:
nane, pumzi, nane, kituo.
Pale getini ina ndoano,
na Eliakunda alisubiri namba yake
kama mtoto anayesubiri matokeo.
Kilo ishirini. Ukizidi, toa sufuria.
Ukipungua, yupo atakayekuongezea.

Siku ya tatu nikajifunza chumba ni nini.
Hema la kulia: turubai, viti sita, taa moja.
Asubuhi linakunjwa, linabebwa, linatupita njiani,
jioni tunalikuta limesimama, chai inachemka.
Miaka kumi na moja nachora kuta,
sijawahi kuuliza nani atazibeba.

Eliakunda akitaka kupumzika haketi.
Hutafuta jiwe la usawa wa kiuno,
huegemeza mzigo hapo, mgongo umenyooka,
kisha hujitoa taratibu kwenye kamba
kama anayeshuka kitandani asimwamshe mtoto.
Usiku nikatoka na tochi, nikalipima lile jiwe.
Themanini na mbili.

Kileleni sikufika.
Juu ya Barafu, saa nane usiku, tumbo likakataa,
kiongozi akanigeuza kwa mkono mmoja, bila hotuba.
Kambini Eliakunda alikuwa macho.
Hakuniuliza kitu. Akanisogezea uji wa tangawizi
akaendelea kushona soli ya buti.

Niliporudi Moshi nililiondoa kabati.
Dirisha likafunguka uani,
ambako mahema hukauka kwenye kamba
na wapagazi hukaa ukingoni mwa mtaro
wakingoja kuitwa majina.
Nikachora mlango. Nikachora benchi moja refu
linaloanzia huko nje, linapita mlangoni,
linaishia kwenye kaunta.
"Wapagazi ndani? Na wageni?"
Tukabishana hadi chai ikapoa mara mbili.
Picha ya theluji akabaki nayo, nusu ya ukubwa.
Kioo nikakikata kwenye bajeti,
nikamnunulia fundi Saria wa Pasua mgrevilea,
mti uliotilia kahawa kivuli
mpaka kahawa yenyewe ikafa.

Siku ya kufungua nikaweka isale kwenye chungu,
kijani kidogo kando ya kaunta.
Mama Ndealilia, mfagiaji, akalinyanyua:
"Isale si pambo, mwanangu.
Humu ndani nani amemkosea nani?"
Hakuna aliyejibu.
Bwana Lyatuu alikuwa akizikagua taa.
Nikamwomba mama alirudishe chungu mahali pake.

Kisha Eliakunda akaingia, kwa mlango wa nyuma,
mzigo mgongoni, akauegemeza kwenye benchi.
Nilibana pumzi kama mwanafunzi.
Akajitingisha, akatazama chini.
"Liko juu kidogo."
Haiwezekani, nikasema, nilipima.
"Ulipima nimevaa buti, dada.
Zile ni za kukodi, zimesharudi dukani."
Miguuni alikuwa na kandambili za bluu,
kisigino kimoja kimelika hadi sakafu.

Vidole viwili.
Nikapiga magoti, penseli sikioni,
nikaanza kutia alama kwenye miguu ya benchi.