Kilo Kumi na Nne

Mwalimu Oyaro alitufundisha kuhesabu mizani kwa vidole,
silabi nane huku, nane kule;
ukizidisha moja, alisema, shairi linachechemea.
Sikujua nitakuja kula kwa mizani nyingine,
ya chuma, sahani yake imebonyea,
mlangoni pa banda la ndege, Wilson.

Ilikuwa Alhamisi, saa saba mchana.
Lami ilifuka kama sufuria.
Marubani husema Nairobi iko juu mno,
na jua likiwaka hewa huwa nyepesi,
bawa huishika kama kiganja kinavyoshika maji.
Nililijua hilo. Naliandika ili ijulikane kwamba nililijua.

Abiria wanne. Nikawapima mmoja mmoja.
Bi. Nasimiyu akavua viatu, akacheka:
"Usiisome kwa sauti."
Mabegi. Katoni ya dawa. Jumla nikaipigia mstari.
Ndipo Ekal akarudi mbio kutoka getini,
amekumbatia kichwa cha cherehani ndani ya leso,
cha mama yake, Lodwar, aliyeahidiwa tangu Krismasi.

Kilo kumi na nne. Nilizisoma. Kalamu ilikuwa mkononi.
Nikamtazama Mwakio, rubani. Akatazama saa,
akainua bega moja.
Nikasema: haya.
Silabi mbili.

Ndege ikakimbia. Ikaendelea kukimbia
pale ambapo nyingine huwa zimeshaaga.
Gurudumu la mbele likanyanyuka, likasita,
ikaupita mwisho wa lami kwa kimo cha mtu,
ikakaa. Sina kitenzi kingine.
Ikakaa nyasini kama ng'ombe aliyechoka,
kisha ikalala ubavu,
bawa likachana ua wa waya upande wa Barabara ya Lang'ata
ambako watu walikuwa wameshainua simu.

Hakufa mtu.
Kila ninayemsimulia hupumua hapo,
na akishapumua haniskilizi tena.

Bi. Nasimiyu, nyonga. Mwakio, mtulinga na meno mawili.
Ekal alitoka kwa miguu yake, akaketi chini,
akaomba maji, hakuyanywa.
Kichwa cha cherehani kilitolewa kizima.
Mzimamoto mmoja aligusa gurudumu lake,
likazunguka laini, bila kelele.

Wachunguzi walikuja na karatasi yangu kwenye mfuko wa plastiki.
Mwandiko mzuri. Hesabu sahihi
ya vitu vilivyoandikwa.
Wakaenda hospitalini kumwuliza Mwakio,
wakanikuta kwenye kiti cha wageni
na machungwa niliyomletea, kilo mbili na robo,
siku hizi mikono yangu hupima yenyewe.

Hakunitazama. Akasema kwa mdomo uliovimba:
"Upepo uligeuka."

Wakaandika.
Nami chini ya mfuko wa machungwa
vidole vikaanza, kimoja kimoja,
u-pe-po u-li-ge-u-ka.
Nane.
Haikuzidi hata moja.