Karatasi Inayovumilia Wembe

Thibaut Wathelet amenitandikia vipande vya majaribio
juu ya kaunta, kando ya mashine ya kadi,
akasema: jaribu, kujaribu hakulipiwi.
Nje, Liège inanyeshewa mvua yake ya Jumanne
na mto Meuse una rangi ya maji ya kuoshea brashi.

Nibu kwanza.
Hii ya chuma kigumu inataka mkono wenye hasira.
Ukiikandamiza inatanua miguu, mstari unanenepa;
ukiilegeza, mstari unarudi kuwa unywele.
Lakini karatasi ya pamba, ile yenye vipele,
inaing'ang'ania kama mbigili na soksi,
nyuzi zinang'oka, wino unaruka:
nukta saba kwenye mkono wa koti langu.
Nilizihesabu baadaye, ndani ya basi.

Kalamu ya ncha laini, sifuri nukta tano,
haina kosa. Ndiyo kasoro yake.
Mstari wake hutoka sawasawa mwanzo hadi mwisho
kama mtu anayesoma risala aliyoandikiwa.
Nimewahi kuchora nayo nyumba zote za Seraing,
dirisha kwa dirisha, na hakuna hata moja
iliyonishawishi kwamba ndani mna mtu.

Brashi ya manyoya ya kicheche, namba tatu:
yuro thelathini na nane.
Nikaishika. Nikairudisha. Nikaishika.
Thibaut akajifanya anapanga madaftari.

Kwenye wino sikubishana.
Ule wa bei rahisi hugeuka kahawia ukizeeka,
na mimi nataka weusi tititi,
weusi wa mita mia sita kwenda chini,
maana ukurasa wa tatu babu yangu Ennio
anashuka mgodini kwa mara ya kwanza,
kijana wa Friuli asiyejua Kifaransa
ila neno la mkate na neno la ndiyo.

Ukurasa huo nimeuharibu mara nne.
Tatizo si giza. Giza huuzwa kwa chupa.
Tatizo ni taa ya kofia.
Nilipoacha nafasi wazi na kuizungushia wino,
ilitoka kama sahani iliyobandikwa kwenye paji la uso.
Nilipopaka rangi nyeupe juu ya weusi,
yakawa maziwa yaliyoingia majivu.

Saa saba usiku nikafungua kabati la bafuni,
nikatoa wembe, nikakwangua.
Wino ukabanduka unga kwa unga
na chini yake ukatokea mwanga uliochakaa kingo,
mwanga unaopapasa njia ndani ya vumbi.
Nikapiga kelele jikoni peke yangu.
Kisha karatasi ikatoboka,
nikaiona meza kupitia kichwa cha babu.

Alhamisi nikarudi dukani na swali moja:
ipi inavumilia wembe?
Thibaut hakucheka. Alikunja mikono ya shati,
akaleta kutoka stoo karatasi nzito,
gramu mia tatu, laini kama kucha.
Tukainywesha wino, tukaikausha kwa kuipulizia
kama watoto na uji, tukaikwangua.
Tukainywesha tena palepale.
Mara ya tatu ilianza kuota manyoya kidogo,
manyoya tu, si tundu.
Nikanunua kumi. Kitabu kinadai mia na arobaini.
Brashi niliiacha tena, safari hii bila kuitazama.

Jumapili mama alikuja, akavaa miwani,
akaukodolea ukurasa wa tatu hadi kahawa ikapoa.
"Masikio," akasema.
"Ya baba yalikuwa makubwa kuliko haya."

Wino wa Mungu, husemwa, haufutiki.
Wangu ulikuwa umekauka tangu asubuhi,
giza zito pande zote mbili za kichwa.
Nikamsogezea taa ya mezani,
nikamwomba anionyeshe kwa kidole
yaliishia wapi,
na kidole chake kilipokuwa bado pale, kinatetemeka,
nikachukua wembe.