Baiskeli Isiyowahi Kuanguka

Miezi saba nimeichonga kwa kipanya,
usiku, baada ya zamu, feni ikinung'unika mezani:
baiskeli ya milimani isiyo na uzito hata wa unyoya.
Nimehesabu spoku, thelathini na mbili mbele, nyuma vilevile.
Nimechora gia jino kwa jino,
hata maandishi madogo ubavuni mwa tairi,
yale ya kukuonya usizidishe upepo,
ambayo mtu huyasoma akiwa tayari yuko chini.

Ofisini Yi-ru aliizungusha mara moja.
"Nzito. Kompyuta itakohoa. Punguza pembetatu."
Akarudi kwenye tambi zake.

Guo-wei, ambaye mtulinga wake umeungwa kwa bamba la chuma
tangu ile kona ya juu ya Guguan,
hakutazama gia wala rangi.
Aliinama hadi pua ikakaribia skrini:
"Ukikata kushoto, waya wa breki utafika?"
Nikageuza usukani.
Waya ukapenya ndani ya chuma kama mzuka ukutani.
Hakucheka. Alishika bega.

Jumapili nikaibeba kompyuta hadi Dajia,
kwa shangazi Siok-ngo.
Miaka thelathini na mmoja amechomelea fremu
kiwandani, nyuma ya mashamba ya magimbi.
Kazi yake imeshuka milima asiyoijua majina;
yeye mwenyewe sokoni huenda kwa miguu.

Alivaa miwani, akaivua, akaifuta kwa ncha ya blauzi,
akaivaa tena. Kipanya alikishika kama kifaranga.
Nikangoja. Nisiseme uongo:
nilitaka sifa. Nilitaka aseme lo!

"Nani kachomelea hapa?"

Kidole kilikuwa chini ya usukani,
pale mabomba mawili yanapokutana.
"Mimi. Yaani, hakuna mtu. Nilichora tone moja,
nikalirudia mara arobaini."
"Ndiyo maana," akasema. "Huyu hapumui."

Akaanza kumenya balungi, na kunieleza bila haraka.
Mwanzo mkono umetulia, matone yanalingana.
Ukifika chini ya bomba shingo inapinda,
kiwiko hakina pa kuegemea,
matone yanasogeleana
kama watu watano wenye mwavuli mmoja.
A-tiu alikuwa akiyavuta marefu,
roho yake iko nje, kwenye sigara.
"Na mwaka ule wa mimba ya binamu yako
tumbo lilinisukuma mbali na meza.
Nilichomelea mkono umenyooka, hivi.
Fremu zote za msimu ule
zina mshono mwembamba upande wa kulia."

"Mkaguzi hakuzikataa?"

"Azikatae kwa nini? Zilikuwa imara.
Ila nazijua."

Alinipa kipande cha balungi.
Akarudi kwenye skrini, sasa kipanya kimemzoea,
akashuka hadi kwenye mnyororo:
haujawahi kula mchanga, huu.
Akafika ubavuni, pale kisigino cha mpandaji hugonga:
safi kama sahani ya wageni.
"Haijaanguka hata mara moja," alisema,
na sauti yake, sijui, ilikuwa ya kuihurumia.

Usiku nimefuta matone yote arobaini.
Waya wa breki nimeuongeza kidole kimoja, kwa ajili ya bega la Guo-wei.
Pembetatu zimezidi; Yi-ru atanisamehe au hatanisamehe.
Nachora tone, kisha tone,
kila moja kwa mkono wake.
La tisa simu iliita, likapinda. Nimeliacha.
Saa nane na nusu nimefika upande wa kulia.
Hapo mshono umekuwa mwembamba,
kana kwamba aliyeuchomelea
alisimama mbali kidogo na meza,
akimpisha mtu.