Mashua Iliyotulia

Kitabu cha mashine kinasema: tembea.
Maili tatu kwa saa, nne zikizidi, usukani usiyumbe,
nayo sona itakutandazia sakafu ya ziwa
kama mtu anayeshona mkeka, ukili kwa ukili,
mawe mahali pake, magogo mahali pake.
Ukisimama, kinasema, picha huharibika.

Mimi nimesimama.
Betri ya mota ndogo imekufa tangu Machi,
na Dewayne wa duka la chambo, aliyeahidi nyingine,
bado anaahidi.
Nimefunga omo kwenye kisiki cha mwaloni,
tezini nimeshusha ndoo ya rangi iliyojaa saruji,
tusiyumbe, mimi na chombo na kiti chake.

Harlan aliinunua skrini hii kwa bei ya ndama wawili.
Nilimnunia wiki nzima.
Aliitumia msimu mmoja na nusu,
kisha moyo wake nao ukasi—
hapana, niliapa sitasema hivyo.
Alikufa Oktoba, jikoni, kahawa ikichemka. Basi.

Sasa tazama.
Katikati, ukanda mweusi: hayo ni maji yaliyo chini ya matako yangu.
Kushoto na kulia, rangi ya asali iliyoungua:
hiyo ndiyo ghuba yetu, Kentaki yote ninayoihitaji.
Kila mara mstari mpya huingia juu, ya zamani husukumwa chini.
Lakini sisogei, kwa hiyo msusi anarudia ukili uleule,
uleule,
na jiwe si jiwe tena, ni uzi ulionyooka.
Kisiki, uzi.
Nguzo ya ua wa shamba lililofunikwa na bwawa, uzi.
Kila kisichokwenda kinashuka wima
kama mvua siku isiyo na upepo.

Nilikwisha kunyoosha kidole kuizima.
Hapo, kulia, futi arobaini,
uzi mmoja ukapinda.

Mweupe, mwembamba kama kipande cha ukucha,
ncha yake ya juu ikiusogelea ukanda mweusi:
anakuja.
Kivuli chake kinamfuata kwa mbali kidogo,
kama mdogo mtu aliyekatazwa kufuata.
Akaja wa pili, akakata kona, akarudi.
Halafu sita, saba, wakakatizana, nikapoteza hesabu.
Krapi. Bapa, wenye madoa, midomo laini kama karatasi iliyolowa.

Kitabu hakikuniambia hili,
au labda nililiruka:
kwamba chombo kikitulia kabisa
aliye hai hujulikana kwa kutonyooka kwake.

Nao walikuwa wakizunguka kitu.
Nyuzi kumi na moja, wima, zimebanana,
zenye manyoya pembeni.
Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa.

Kila Januari Harlan alipita mtaani na gari la mizigo
akiokota miti ya Krismasi iliyotupwa kando ya barabara,
vipande vya mapambo bado vikining'inia.
Aliifunga matofali shinani, akaenda kuizamisha, peke yake.
Wapi? Hakusema.
"Ukimwambia mmoja umeliambia ziwa."
Miaka arobaini na minne, kitanda kimoja,
nami nilikuwa ziwa.

Futi thelathini na mbili, kulia.
Ndiyo hapo, bwana wee.

Nikatunga kidagaa kwenye ndoana, nikarusha.
Risasi ikashuka, na skrini ikanionyesha hata mimi:
uzi mpya, mwepesi,
umepinda,
umepinda,
umenyooka.

Nimenasa tawi.

Kisu kilikuwa kando ya goti.
Sikukata.
Nilikaa na mshipi mkononi, umekaza,
samaki wakipita huku na huku katikati yetu,
mpaka jua likaifuta skrini kwa mng'ao wake
na sikuona tena chochote,
ila ule uzito.