Kamba ya Ukindu

Kabla ya kisomo, mama alitunza madeni
kwenye kamba ya ukindu, nyuma ya mlango, Keko.
Fundo dogo, kitumbua kimoja.
Mafundo mawili yaliyokumbatiana, Mshindo,
kuli wa bandarini, anayecheka kabla ya kukopa.

Hakuhitaji majina. Alipapasa gizani,
kidole kikasimama: "Huyu mkewe kajifungua,"
akalifungua kwa meno. Basi, limekwisha.

Kisha wakaja na karabai na ubao,
a, e, i, o, u,
na yeye, vidole vina unga wa mchele,
akaandika Binti Kondo,
akakaa akilitazama jina
kama mtu aliyemkuta mgeni amevaa nguo zake.

Daftari likanunuliwa. Kamba ikawashia moto.
Mshindo: senti themanini.

Masika yale shehena ikamwangukia Mshindo.
Mama alifunua ukurasa, akaupapasa mstari,
akaupapasa tena:
karatasi laini, haina fundo.
Akaupeleka mdomoni,
akakumbuka, akacheka kidogo, akalia.

Daftari ninalo mimi.
Mshindo bado anadaiwa.